Jina Lililorudi kutoka Houston

Niliishia darasa la saba, Kibosho. Nyumbani nafasi ya kusoma ilikuwa ya mmoja, akaenda Gelasius, mdogo wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na akili. Sikununa. Alisoma mpaka akafika Houston, na baadaye akanivuta na mimi nikaja Texas. Nilikaa Lewisville na mke wangu Flaviana, nikapata kazi Dallas ya kuvuta waya kwenye jengo lililojaa kompyuta. Gelasius alikuwa na kampuni yake ya kompyuta. Barua pepe zake zilikuja na jina la kampuni hiyo, na mama kule Kibosho alilitaja kanisani kila Jumapili.

Mwaka 2003 msimamizi wa zamu yetu alikuwa Mkenya, Kariuki.

"Mzee Deo, utavuta waya mpaka lini? Keti hapa nikufunze kitu."

"Mimi na vitabu tulishaachana."

"Hakuna kitabu. Ni majina na namba tu."

Alinichorea kwenye kifuniko cha boksi la piza. Mashine zinajuana kwa namba, watu wanakumbuka majina. Rekodi ya A unaipa jina, inakupa namba. Rekodi ya MX inasema barua za jina hilo zipokelewe na mashine ipi. Hizo mwenye jina anajiandikia mwenyewe.

"Kwa hiyo naweza kujiita kampuni hata kama sina?"

"Ukishachukua jina, jiite hata Ikulu. Nani atakuzuia?"

Halafu akachora mshale wa kurudi nyuma. Rekodi ya PTR unaipa namba, inakupa jina. Hii hujiandikii. Anaiandika mwenye fungu la namba, yaani taasisi ambayo mashine yako imo ndani yake.

"Hii basi haidanganyi," nikasema.

"Hudanganya pia, wakisahau kuibadilisha. Lakini si wewe umeiandika, ndiyo maana tunaiangalia."

Nilitaka namba ya kujaribia. Nikafungua barua ya Gelasius ya wiki ile. Juu kabisa, kwenye mistari ambayo hakuna anayeisoma, palikuwa na namba ya kompyuta aliyoandikia. Nikaiuliza PTR yake kwenye kompyuta. Jina lililorudi lilikuwa la hospitali kubwa ya Houston, na mbele yake maneno ya maktaba ya wagonjwa.

Nikampigia hapohapo. "We Gela, unafanya nini hospitali?"

"Kaka, umejuaje?"

"Nimejifunza kusoma namba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ebwana! Darasa la saba umekuwa mtaalamu! Nina tenda pale. Natengeneza kompyuta za maktaba yao."

Nikaamini. Si kuamini tu, nilimtangazia Kariuki kwamba mdogo wangu amepata tenda ya hospitali. Jioni nikamwambia Flaviana. Alikuwa anakata mboga, akaacha.

"Baba Dorothea, Krismasi hakuja. Ubatizo wa mtoto hakuja. Tenda gani hiyo isiyo na Jumapili?"

"Acha uchuro," nikamwambia.

Huo ulikuwa mwezi wa tatu.

Mwezi wa tano ikaja barua ya mistari miwili. Kazi nyingi, kaka, nisalimie wote. Gelasius alikuwa mtu wa barua ndefu. Nikaiuliza namba yake. Hospitali ileile, lakini maneno ya mbele yalibadilika: haikuwa maktaba tena, ilikuwa wodi, ghorofa ya nane. Nikatoa barua zake zote nilizokuwa nazo, kumi na tatu, nikauliza namba moja baada ya nyingine. Tangu mwezi wa kumi na moja hakuna hata moja iliyotoka kwenye kampuni. Zote hospitali. Na fundi hapandi kutoka maktaba kwenda kitandani.

Kariuki alitazama skrini yangu. Hakufanya mzaha. "Enda, mzee. Zamu nitaishika."

Ni mwendo wa saa nne kwa gari. Nilimkuta amelala, kompyuta ndogo ya wodini pembeni yake, macho ya manjano, mikono imebaki mifupa.

"Tenda imekumaliza," nikasema. Ndivyo ninavyoongea.

Akatabasamu. "Ni ini, kaka. Saratani. Kampuni ilikufa mwaka jana, jina ndilo lililobaki. Nilitaka mama aendelee kuwa na mwana mwenye kampuni."

"Na mimi nilikuwa niendelee kuwa na nini?"

Nilimfuata daktari kwenye korido, nikamuuliza kama naweza kumpeleka nyumbani akamwone mama. Alikuwa mtu mpole. Alisema mwezi wa tatu angeweza kusafiri, hata wa nne kwa shida. Sasa hawezi kukaa kwenye ndege.

Mwezi wa tatu.

Asubuhi iliyofuata, kwao ikiwa jioni, nilipiga simu Kibosho nikamwekea Gelasius sikioni. Mama alimuuliza kama anakula. Akasema anakula. Akamuuliza kazi. Akasema kazi ni nyingi. Jasho lilikuwa linamtoka kwa kuifanya sauti iwe ya mtu asiyeumwa. Akanirudishia simu, akaniomba kwa macho nisiseme.

Nilitoka nayo nje. "Mama, Gela anaumwa. Hatapona. Hawezi kuja, na wewe huwezi kumuwahi."

Alilia, nikasubiri. Kupitia kioo cha mlango niliona Gelasius amegeuza uso.

Siku mbili hakunisemesha. Nilimfuta, nilimlisha, akameza akitazama ukuta. Siku ya tatu alinyoosha mkono bila kunitazama, nikampa simu. Waliongea Kichagga muda mrefu. Nilimsikia akimwambia hana kampuni. Nilimsikia akimwambia anaogopa, neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake hata tulipokuwa watoto.

Wakaongea hivyo kila asubuhi, siku tisa; ya kumi hakuamka. Zingekuwa wiki nyingi, naye angekuwa amelala kwenye chumba cha mama, kama mwezi wa tatu nisingeipenda sana ile tenda.