Ufunguo Kwenye Seti Nyekundu

Wenzake wa bendi walimbandika jina la Radi, na nyumbani kwake alijaza dramu mpaka mkewe akawa anauliza kama wageni watakaa juu ya matoazi. Alikuwa na seti kuukuu iliyochubuka rangi, iliyopigwa kwenye madansi kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa na ngoma ya besi aliyoikata kwa msumeno ili iingie kwenye buti la teksi. Nyingine aliiunda kwa pipa la mashine ya kufulia, na kanyagio lake alilinyofoa kwenye cherehani ya mkewe. Maneno aliyoambiwa siku hiyo hayasemeki mbele za watu.

Hizo zote alizichezea atakavyo. Seti nyekundu ya pembeni, thubutu! Ilikuwa ya mwanawe, mtoto wao wa pekee, mpiga dramu hasa, si mchezo. Kijana aliifunga mwenyewe, akakaza kila skrubu kwa sikio lake, akaipiga wiki ile ile, akaugua, akafa. Hakuna aliyewahi kumrekodi. Ile sauti aliyoitega kwenye ngozi za ngoma zake ndiyo pekee iliyobaki. Radi akaapa kwamba ufunguo wa kukazia hautaigusa seti ile maisha. Akizidiwa na majonzi, aliigonga kila ngoma mara moja, akasikiliza, akaondoka.

Mwaka huu ikaanza kumchezea akili. Ngoma ndogo ikawa inatoa sauti butu, kama mtu anayeongea na shuka mdomoni. Akailaumu mvua. Akalaumu unyevu wa ukuta, maana ngozi ikikaa muda mrefu hulegea, mpiga dramu yeyote anajua. Alivumilia weee, mwisho uvumilivu ukamshinda. Asubuhi moja, mkewe akiwa sokoni, alichukua ufunguo, akamwomba mwanawe radhi kwa sauti, akakaza kidogo tu. Bado butu. Akakaza tena. Akazizunguka ngoma zote, jasho likimtoka, mpaka ule mlio mkali wa kijana ukamrudia. Akalia kwa furaha, mtu mzima na mvi zake.

Mkewe aliingia na kikapu, akamkuta anapiga.

"Mzee, unapiga ipi hiyo?"

"Ya mwanao! Ilikuwa imelegea, nimeirudisha. Hebu sikia!"

Mama akaziba masikio. "Mbona inatoboa hivyo? Siyo yake hiyo!"

"Wewe na ngoma wapi na wapi? Si wewe ndiye unayenipigia kelele kila siku nipunguze?"

"Nakupigia kelele kwa sababu nasikia!" Akaweka kikapu chini. "Nimebonyeza kengele mpaka kidole kikauma. Redio unaifungulia mpaka madirisha yanatetemeka. Nami nikadhani ni ukaidi tu."

Radi alibaki na fimbo mkononi. Maisha yake yote toazi lilikuwa likimlilia kando ya sikio, na hakuwahi kufikiria kwamba siku moja sikio lingechoka. Ngoma hazikuwa zimelegea hata chembe. Mwanawe alikuwa pale pale, mzima, mpaka asubuhi hii, na aliyemharibu ni babake. Alitamani ardhi ipasuke.

"Kaa hapa," alimwambia mkewe. "Mimi nalegeza, wewe sikiliza. Ukimsikia, niambie."

Mama alivuta kiti. Radi akalegeza skrubu, akagonga, akamtazama usoni.

"Shusha," alisema mama. "Shusha tena. Hapana, umepitiliza. Pandisha kidogo."

Walikwenda hivyo hadi jua likawa kali. Kikapu bado kilikuwa mlangoni. Kisha mama akaacha kuelekeza.

"Ndiyo hii?" Radi aliuliza. "Mama, ndiyo hii?"

Mama alikuwa ameinama, midomo inacheza, Radi hapati kitu.

"Sema basi, sikusikii!"

Ikabidi mama ainuke, amshike bega, apaze sauti sikioni mwake na machozi yakimtiririka.

"Nilijua ile siyo yake! Lakini yake yenyewe siikumbuki tena, mume wangu. Niliiachia ngoma initunzie."