Kibao Alichokiona Nahla

Wiki tatu kabla ya safari ile, Nahla alikuwa hajui kuendesha baiskeli. Alikuwa na miaka arubaini na mmoja, mzaliwa wa Unguja, na kazi yake katika maabara moja huko Springfield ilimtaka awe na mikono iliyotulia. Lakini siku bintiye mkubwa alipompandisha juu ya baiskeli, kwenye maegesho ya magari nyuma ya fleti zao za Falls Church, usukani ulimshinda, ukayumba huku na huko.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na minne na aliitwa Time, jina la bibi yake. Walimu wake walilisoma kwa Kiingereza, naye alishachoka kuwasahihisha. Alikuwa na mdomo, lakini kwa kufundisha alikuwa na subira. Jumamosi ya tatu Nahla akazunguka maegesho mara sita bila kuanguka. Penye tambarare aliweza. Kilichobaki kumtia hofu ni mteremko.

Na mumewe, Sabri, alikuwa ameshapanga safari ya mteremko mtupu.

"Ni njia ya reli ya zamani," alieleza mezani. "Waling'oa reli, wakamwaga changarawe. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo njia yake inainama kidogo kidogo tu. Gari litatupandisha mpaka Frostburg, halafu sisi kazi yetu ni kukaa. Kilomita ishirini na nne mpaka Cumberland, wala hukanyagi."

"Na breki je?"

"Breki zipo, Mama Time. Baiskeli gani isiyo na breki?"

Wakatoka Jumamosi moja ya Oktoba, baada ya sala ya alfajiri, barabara kuu ya Beltway ikiwa bado tupu. Walipofika Cumberland, mzee mmoja mkodishaji wa baiskeli, aliyeitwa Wayne, akawapakia kwenye basi lake dogo, akawapandisha mlimani hadi kituo cha Frostburg, akawashushia baiskeli na kuondoka. Majani ya milima yote yalikuwa yamegeuka rangi, mengine mekundu, mengine ya manjano kama binzari.

Sabri alikuwa akifunga kigari cha kukokota nyuma ya baiskeli yake. Humo alikuwa amekaa Zeyana, mtoto wao wa mwisho, mwenye miaka minne, na mfuko wa katlesi za kula njiani. Nahla alikwenda msalani, na aliporudi akaona kibao cha kuelekeza njia. Mshale wa kulia uliandikwa Cumberland. Wa kushoto uliandikwa Pittsburgh.

Sabri alikuwa ameshaelekea kushoto. "Haya, twendeni!"

Nahla akafungua mdomo. Akatazama kulia, njia ilikoshuka na kupotelea nyuma ya miti. Akaufunga mdomo. Atagundua mwenyewe, alijiambia. Dakika tano nyingi.

Dakika tano zikawa saa nzima. Sabri alikuwa mtu wa kompyuta, amezoea simu yake imwambie pa kwenda, na huko simu haikushika mtandao. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Upepo huu!" alilalamika, na hakuna jani lililotikisika.

"Baba, haraka!" alipiga kelele Zeyana kutoka kigarini.

Nahla, kwa upande wake, alikuwa hajapata kufurahi namna ile. Baiskeli ilikwenda polepole, inamtii kama mbuzi aliyeshiba. Walipita handaki fupi lenye giza, wakashuka na kusukuma kwa mwanga wa simu, na Zeyana akaita jina lake mara kumi ili asikie likirudi. Lakini kila Nahla alipoutazama mgongo wa mumewe, fulana imemganda, alihisi kitu kinamchoma. Akawa anajiahidi kusema wakifika kona inayofuata. Kona zikapita.

Aliyegundua ni Time. Alisimama ghafla mbele ya mawe yaliyochongwa herufi kubwa pande mbili za njia, akayasoma mara mbili, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba wameingia jimbo la Pennsylvania.

"Haiwezekani," Sabri alisema. "Cumberland iko Maryland."

"Ndiyo, baba," Time alijibu, safari hii kwa Kiswahili, ili asieleweke vibaya. "Tumepanda."

Sabri akaegemea usukani. Alitazama mawe, akatazama njia waliyotoka. Nahla alimjua mumewe. Katika miaka kumi na sita ya ndoa alikuwa amemsikia akilaumu ramani, barabara na serikali, lakini si nafsi yake.

"Nimewakosea," alisema Sabri taratibu. "Sikuangalia. Nimewachosha bure, mniwie radhi."

Hapo Nahla hakuweza kunyamaza tena.

"Baba Time, mimi nilikiona kibao."

"Kibao gani?"

"Kule tulikoanzia. Nilijua tangu mwanzo. Niliogopa kuteremka, nikanyamaza."

Mabega ya Sabri yakaanza kutikisika, na Nahla akadhani amekasirika, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye changarawe. "Kilomita nane! Mtoto na katlesi! Wallahi, Nahla, ungenionea huruma hata kidogo!"

"Nilikuonea. Sana. Ila hofu ilizidi."

Wakala pale pale, mguu mmoja jimbo hili, mwingine jimbo lile. Kisha Time akamshika mama yake mkono. "Usibane breki moja kwa moja. Bana, achia, bana, achia. Mimi niko nyuma yako."

Nahla akasema bismillahi, akageuza baiskeli.

Kilomita ya kwanza alibana zaidi kuliko alivyoachia, vidole vikamuuma. Ya pili akaanza kuona miti. Walipokipita kituo cha Frostburg alikuwa ameacha kuhesabu, upepo wa kweli sasa ukimpiga usoni na kuupeperusha mtandio chini ya helmeti. Kando ya njia, kwenye reli ambayo haikung'olewa, treni ya watalii ilikuwa ikipanda kwa kishindo. Abiria walijaa madirishani, wakapunga mikono. Nahla hakuthubutu kuachia usukani, basi akawapigia kelele, "Salaam alaykum!" na treni ikajibu kwa honi iliyotikisa bonde zima.

Alipofika Cumberland aligeuka, hakuwaona wenzake; alikuwa amewaacha wote nyuma, hata Time. Alishuka, akasimama peke yake kwenye daraja la mwisho wa njia akicheka, mpaka aliposikia sauti ya Zeyana ikija kutoka nyuma ya kona, inamhimiza baba yake aongeze mwendo.