Kadi Mbili na Kibuyu Kimoja

Kadi aliyoijenga Zulma ilikuwa imetumika katika kila tovuti iliyotoka kwenye ile ofisi ndogo ya Montevideo. Picha, jina la bidhaa, bei, kitufe cha kununulia: ukishaiandika mara moja kwa CSS, ile lugha ya kuupamba ukurasa, unaichomeka popote, hurudii kazi. Wenzake waliiita kadi ya Zulma, naye alijifanya hasikii huku moyoni anachekelea.

Kisha akaja Ailén, binti kutoka mji wa Paysandú, bado yuko kwenye miezi ya majaribio, anacheka na kila mtu. Akajenga kadi nyingine. Ya Zulma ilipima upana wa skrini. Ya Ailén ilipima nafasi yenyewe ilipowekwa. Iweke katikati ya ukurasa, inatanuka. Ibane kwenye safu nyembamba ya pembeni, inajipanga upya, picha juu, maandishi chini, bila mtu kuigusa. Zulma aliivuta huku na huku akitafuta kasoro, akaikosa. Roho ikamuuma hasa. Kitu chepesi namna ile, na yeye hakikumjia akilini miaka yote!

Ofisini kwao hakuna kilichoingia kazini kabla mwenzako hajakisoma na kukiidhinisha, na Wilmar, bosi wao, alimpa Zulma aisome kadi hiyo. Jumatatu Zulma akaandika kwamba majina ni marefu mno. Ailén akayafupisha. Jumanne ikawa rangi, Jumatano nafasi kati ya mistari. Kila alichoambiwa binti alikitengeneza siku hiyohiyo bila kununa, na hilo ndilo lililozidi kumchoma Zulma. Wilmar alikuwa amesema kwamba Ijumaa, wateja wakishaonyeshwa kazi, atamtaja msimamizi wa vipande vyote vya kujengea tovuti, kadi zikiwemo. Zulma aliutaka usimamizi huo kufa na kupona.

"Zulma, bado tu?" Ailén alimuuliza Alhamisi, akimrudishia kibuyu cha chai.

"Una haraka ya wapi, mdogo wangu? Nitaiangalia."

Zulma ndiye aliyewamiminia yerba, ile chai chungu ya kwao, chupa ya maji moto kwapani, kibuyu kimoja na mrija mmoja, zamu kwa zamu. Anayekirudisha kimya atapata tena. Anayesema asante amemaliza, haongezwi. Ailén hakuwahi kusema asante. Alikunywa mpaka maji yanaisha.

Ijumaa wakaja wateja, akina mama wa ushirika wa jibini. Asubuhi ile Wilmar alikuwa ameongeza safu ya pembeni waliyoiomba, akiamini kadi mpya imeshaingia. Haikuwa imeingia, Zulma alikuwa hajaiidhinisha. Kadi ya zamani ikaona skrini pana, ikajitandaza ndani ya safu nyembamba: bei ikakaa juu ya picha ya jibini, kitufe kikatokeza nje ya ukurasa. Mmoja wa akina mama aliuliza kwa upole kama hivyo ndivyo itakavyokuwa.

Walipoondoka, Wilmar alimgeukia Ailén.

"Wiki nzima, binti. Kadi moja tu, imekushinda?"

Ailén alimtazama Zulma, akangoja. Yamandú, aliyekaa meza ya jirani na kusoma kila walichoandikiana wale wawili, naye akangoja. Ilitakiwa sentensi moja tu. Zulma alikishika kizibo cha chupa, akakikaza, na kilikuwa kimekazwa tayari.

"Basi," Wilmar alisema, "vipande atavisimamia Zulma. Yeye angalau tunamjua."

Furaha ilimpanda Zulma, na aibu nayo ikapanda nyuma yake. Akaona afanye ukarimu. Akamimina yerba, akampa Ailén kabla ya wote, tena kwa tabasamu.

Ailén alikunywa taratibu mpaka mrija ukakoroma, akakirudisha kibuyu.

"Asante, Zulma."

Alisema bila hasira, akageukia kompyuta yake. Zulma akammiminia Yamandú, ambaye kwa kawaida humwambii kitu kwa yerba. Yamandú akanywa, akafuta mdomo.

"Asante."

Wilmar alikuwa kwenye simu, akiwaomba radhi akina mama wa jibini. Zulma akajimiminia mwenyewe, akanywa amesimama katikati ya meza zao. Chupa ilikuwa bado nzito.