Kanuni ya Watu Wawili

Katika chumba cha kufungia taka za nyuklia pale kituoni hakuna mtu aliyeruhusiwa kubaki peke yake na plutoni. Tangu kifuniko cha pipa kifunguliwe hadi lakiri ya usalama ibanwe, watu wawili walitakiwa kuwapo, kila mmoja akiliona pipa na kumwona mwenzake. Eufemia Archuleta aliipenda kanuni hiyo kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Nyumbani kwake Truchas, kijiji cha milimani, tangu mumewe Onofre afariki na watoto wahamie Denver, hapakuwa na kanuni iliyomlazimu yeyote kumtazama.

Mwenzake kazini alikuwa Delfino Vigil. Ndiye aliyemshika mtoto wa kwanza wa Eufemia siku ya ubatizo, kwa hiyo waliitana komadre na kompadre, kama watu wa milima ile waitanavyo hadi kaburini. Kila alfajiri walikwenda kazini kwa gari la Delfino, na kila Jumapili baada ya misa Eufemia alikula kwake, pamoja na mkewe Ramona, ambaye moyo wake ulikuwa mgonjwa.

"Mbona leo kimya, komadre? Au pilipili ya Ramona bado inakuunguza ulimi?"

"Ile? Hata mtoto mchanga angeilamba."

"Nitamwambia!"

"Mwambie. Akiongeza ndiyo furaha yangu."

Kazi yao ilikuwa ya subira. Kila kifurushi cha glavu chakavu, matambara na vyuma vilivyoguswa na plutoni kilipimwa peke yake kiasi cha plutoni iliyomo, kisha kikaingizwa ndani ya pipa. Pipa likijaa, lilifungwa na kupelekwa kupimwa zima. Hesabu hizo mbili zilipaswa kukubaliana kabla serikali haijaliruhusu kusafirishwa kusini, kwenye vyumba vilivyochimbwa chini kabisa ndani ya mwamba wa chumvi, ambako halitafunguliwa tena na mtu yeyote.

Asubuhi moja ya mwezi wa Februari pipa lilikuwa wazi wakati mlinzi alipogonga kioo. Hospitali ilikuwa kwenye simu. Ramona alikuwa ameanguka jikoni. Kanuni iliwataka wafunge kwanza, wabane lakiri, kisha watoke wote wawili, wakikaguliwa mikono na nguo, jambo lililochukua muda mrefu.

"Tufunge kwanza, kompadre."

"Tukimaliza kufunga atakuwa ameshakufa! Simu iko hapo nyuma ya mlango tu. Kaa, usiguse kitu."

Akatoka. Eufemia aliketi mbele ya pipa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha. Delfino aliporudi, nyuma ya kinga ya uso macho yake yalikuwa mekundu.

"Yuko hai," alisema.

"Ashukuriwe Mungu."

Walimaliza kazi, wakabana lakiri, na wote wawili wakathibitisha kwamba walikuwapo mwanzo hadi mwisho. Habari ya mlango hakuna aliyeitaja.

Juma lililofuata pipa lile lilipimwa zima, na mashine ikaonyesha plutoni pungufu kwa gramu nne kuliko hesabu ya vifurushi. Tofauti za namna hiyo hazikuwa ngeni, na mara nyingi lawama iliangukia mashine. Hata hivyo Bi Halvorsen, mkaguzi wa serikali ya jimbo, alitaka kumsikiliza kila mtu peke yake.

"Bi Archuleta, pipa hili liliwahi kubaki wazi na mtu mmoja?"

Eufemia aliyapima majibu yote mawili. Akisema hapana, gramu nne zitahesabiwa kuwa kosa la mashine na pipa litateremshwa kwenye chumvi. Akisema ndiyo, Delfino ataondolewa chumbani, huenda akapoteza na bima inayolipia matibabu ya moyo wa Ramona, na yeye Eufemia atabaki bila mtu wa kuzungumza naye. Alijua kwamba hakuchukua kitu. Lakini alijua peke yake, na kanuni ile iliwekwa ili jambo kama hilo lisijulikane na mtu mmoja tu.

"Bi Archuleta?"

"Liliwahi. Nilibaki nalo mimi."

"Mwenzako alikuwa wapi?"

"Kwenye simu. Mkewe alikuwa anakufa."

Bi Halvorsen aliweka kalamu mezani. "Unaelewa maana ya unachosema?"

"Naelewa. Nisingeelewa, ningeshakujibu zamani."

Pipa lilirudishwa na kufunguliwa. Chini kabisa yalikutwa matambara yaliyolowa. Maji yake ndiyo yaliyozuia mionzi na kuihadaa mashine. Vifurushi vilipimwa upya, kimoja kimoja, na gramu zote zilikuwamo. Eufemia aliambiwa kwamba hana doa la wizi. Delfino aliondolewa, akapewa kazi ya kuzoa theluji kwenye barabara za kituo, kwa mkataba wa muda usio na bima. Alfajiri iliyofuata gari lake lilipita mbele ya nyumba ya Eufemia bila kupunguza mwendo.

Jumamosi jioni Ramona alipiga simu.

"Komadre."

"Ramona! Moyo unaendeleaje?"

"Unapiga. Nasikia hakuna kilichopotea."

"Hakuna. Gramu zote zilikuwamo."

"Basi ulisema ili iweje?"

"Niliulizwa, komadre."

"Alitoka kwa ajili yangu, unajua? Kwa ajili yangu mimi! Kama ningekufa siku ile, bado ungesema?"

Eufemia alifikiri, kwa sababu Ramona hakustahili jibu la haraka.

"Ningesema."

"Haya. Basi kesho usije." Sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka. "Delfino hawezi kumeza chakula akikuona. Na mimi siwezi kukaa nikimtazama akishindwa kula."

"Nitapika supu ya mahindi, nimwachie jirani awaletee..."

"Supu ya mahindi tunajua kupika, Eufemia."

Alimwita kwa jina, si komadre. Kisha simu ikakatika.

Eufemia alibaki ameishika mkononi. Alitamani kumpigia mtu amweleze yaliyotokea, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka kitu. Alipitia majina ya watu wote aliowafahamu, akianza na wanawe kule Denver, na kila jina lilikuwa la mtu ambaye, kabla ya lolote, angemuuliza yeye kama Delfino hajambo.