Pasi Ambayo Haikuja

Mwaka ule chuo cha ualimu kilipowapata Loveness na Happiness kwa mpigo, watu wa Lushoto waliihesabu timu ya wasichana kuwa bingwa kabla haijacheza hata mechi moja. Loveness, winga kutoka Muheza, alikuwa na mbio na chenga za kuwakalisha mabeki chini. Happiness alitokea Tanga mjini, mshambuliaji mwenye shuti zito, na jina lake lilishatajwa redioni tangu akiwa sekondari. Mkuu wa chuo alipangua kabati la ofisini kwake ili kombe lipate pa kukaa.

Nahodha alikuwa Mwanahawa, binti wa wakulima wa kabichi wa Mlalo. Alicheza kiungo mkabaji, akikimbia huku na huko kuziba mapengo ya wenzake, kazi ambayo mtazamaji huiona siku isipofanyika tu. Mwaka uliotangulia, bila jina lolote kubwa, walifika nusu fainali kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi. Aliwapokea wageni kwa moyo mweupe. Baridi ilipowashika, aliwaazima masweta yake.

Haukupita muda akaona jambo lililomkosesha raha. Siku moja baada ya mazoezi alimfuata Mwalimu Clemence, kocha wao, aliyekuwa akikusanya mipira.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, nahodha."

"Happiness akiwa peke yake mbele ya goli, Loveness hamwoni."

Mwalimu Clemence alifunga gunia la mipira polepole. "Anamwona vizuri sana," alisema. "Na Happiness naye anamwona Loveness."

"Basi mmoja akae benchi, mwalimu. Hata kwa mechi moja."

"Nikamwambie nini mkuu? Amewaleta yeye."

Mwanahawa akamsaidia kubeba gunia. Wasichana waliendelea hivyo hivyo, wakishinda kwa taabu timu ambazo zamani wangezifunga bila jasho. Loveness akifunga, Happiness aliinama kukaza kamba za viatu. Happiness akifunga, Loveness alikumbuka kwenda kunywa maji. Beki wa kulia, Marta, msichana mpole wa Bumbuli, alikuwa akipandisha mipira mbele huku akijua haitamrudia.

Wakafika fainali. Ndipo zikaja habari kwamba klabu moja ya Dar es Salaam inatuma mtu kutazama wachezaji, na toka hapo hata salamu kati ya wale wawili zikakatika.

Fainali ilichezwa Lushoto kwenyewe, dhidi ya chuo cha bondeni ambacho hakuna aliyeweza kumtaja mchezaji wake hata mmoja. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye misonobari. Mapema tu Loveness aliwapita mabeki wote, Happiness akawa wazi, mkono juu, akiita. Loveness akapiga mwenyewe, kipa akadaka. Baadaye Happiness naye akazungukwa, Loveness yuko huru pembeni, akang'ang'ania mpira mpaka wakamnyang'anya. Mpira huo huo wasichana wa bondeni wakaupeleka mbele kwa pasi fupi fupi. Wale wawili walibaki wamesimama, mikono kiunoni. Mwanahawa alirudi mbio mpaka kifua kikawaka moto, lakini Marta alishabaki peke yake dhidi ya watatu. Goli.

Kipindi cha pili kilipokaribia kwisha, Loveness aliangushwa ndani ya boksi. Penalti. Mpigaji wa penalti wa timu alikuwa Marta, na Mwanahawa aliubeba mpira kumpelekea. Happiness akaupokonya mikononi mwake.

"Nimeangushwa mimi, napiga mimi," Loveness alisema.

"Ulijiangusha kwa sababu ulikuwa umeshindwa," Happiness akamjibu.

"Marta ndiye anayepiga," Mwanahawa alisema. "Nahodha ni mimi."

Hakuna aliyemsikiliza. Mwamuzi akatishia kadi, Happiness akauweka mpira chini na kupiga. Ukapaa juu ya mwamba.

Mwanahawa aligeuka, akamwona Loveness anatabasamu. Tabasamu la kuridhika, la mtu aliyepata alichokiombea. Dakika zilizobaki Mwanahawa alizicheza kama anayelimia mtu asiyemjua.

Filimbi ilipolia, wasichana wa bondeni walikumbatiana wakianguka kwenye matope. Mtu wa klabu, baba mmoja mwenye koti jeusi, aliteremka uwanjani. Aliongea na Loveness, kisha na Happiness, akachukua namba zao za simu. Wote wawili aliwataka. Alipompita Mwanahawa alisita kidogo kwa adabu.

"Na wewe, binti, ulikuwa unacheza nafasi gani?"

"Nilikuwa katikati," alisema.

"Ahaa," yule baba akasema, akaenda zake.

Jumatatu, mbele ya chuo kizima, mkuu alitangaza kwamba wachezaji wawili wamekipa chuo heshima kubwa kwa kuitwa Dar es Salaam. Kuhusu fainali, alisema timu ilikosa uongozi uwanjani, hivyo nahodha atabadilishwa. Watu wakapiga makofi kwa ajili ya wale wawili. Marta, aliyesimama mstari mmoja na Mwanahawa, alimshika kiganja.

"Useme kitu," alimnong'oneza.

"Nimwambie nani?" Mwanahawa aliuliza. Na kwa kuwa wote walikuwa wanapiga makofi, akautoa mkono wake, naye akapiga.