Bakora Sebuleni

Mtungi wa kwanza ulipasuka ukutani, wa pili ukapasuka sakafuni, na wa tatu ungempata dada mtu kichwani kama asingeinama. Vigae vilirukia mito ya makochi aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe. Taa ya kusimama ikaanguka kifudifudi kama mlevi.

"Una wazimu?" akapiga kelele. "Wageni wanafika alasiri!"

Mdogo wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye mikono minene na maneno machache. Asubuhi hiyo alikuja kwa wema tu, kuleta vyuma vya mapazia alivyomtengenezea dada yake bure. Aliingia akicheka, akaitania nyumba ya marehemu wazazi wao kwamba imepakwa poda kama bibi harusi. Kisha akautazama ukuta wa sebuleni, na kicheko kikakatika. "Iteremshe hiyo," akasema. Dada mtu akamcheka, akamwambia watu wa gereji hawajui mapambo. Ndipo mitungi ikaanza kuruka.

Ukuta ule ulikuwa roho ya dada mtu. Aliacha kazi ya hotelini kwa ajili ya nyumba hii, akafagia vumbi la miaka, akapaka rangi, akatandika vitanda, yote ili wapange watu wa likizo. Hawa wa leo ndio wa kwanza. Wakisifu, wengine watafuata. Wakikimbia, atarudi kumpigia magoti meneja aliyemuaga kwa maringo. Na kwa kuwa hotelini aliona wageni wanavyopenda vitu vya kale, alifukua stoo ya baba: ungo, kibuyu, jembe, redio ya mbao. Akavitundika kwa mpango. Katikati kabisa akaweka bakora ya baba. Aliipiga msasa, akaipaka vanishi, na doa jeusi la kwenye ncha likakolea hata akalisifu. Juu yake kuna kibao alichokiandika kwa brashi: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Ile ni kumbukumbu ya baba," akasema sasa, akihema. "Siiteremshi."

"Lile doa unalijua?"

"Mafuta."

"Damu ya mama." Mdogo wake alipiga teke meza ya kioo, ikapinduka, ikamwagika vipande. "Siku ile sikio lake moja lilipokufa. Wewe uliambiwa aliteleza bafuni."

"Muongo! Baba hakuwahi kunigusa hata kwa kidole!"

"Atakugusaje? Wewe umelelewa kwa shangazi. Hapa ulikuja likizo tu, na begi lako. Ukifika, baba anachinja kuku, anacheka mpaka machozi. Ukiondoka, tunalipia vile vicheko. Mimi na mama tulikuwa tunaomba Mungu mtu abishe hodi, yeyote, hata mwenye kupotea njia, ili tupone." Akanyoosha kidole kwenye kibao. "Wenzako wanaandika methali. Wewe umeandika maisha yangu, dada."

Akauendea ukuta. Dada mtu akamtangulia.

Hasira hasara, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na wageni wa alasiri. Aliinyakua bakora na kumchapa nayo begani. Akamchapa mkononi. Ya tatu ikampasua juu ya sikio, damu ikachirizika shingoni na kudondokea zulia jipya. Kiganja chake kilikaa barabara pale mpini ulipolika, wala hakikuteleza.

Mwanamume yule angeweza kuivunja fimbo ile kwa goti na dada yake pia. Hakufanya hivyo. Alichuchumaa kwenye kona, kati ya kochi na ukuta, akajikunja, akaficha kichwa kwa mikono yote miwili, viwiko vikichomoza mbele. Alijua kukaa hivyo. Mtu hajifunzi mkao ule ukubwani, na dada mtu aliliona hilo wazi, akaelewa kila kitu, na bado akampiga tena, na tena. Aibu ilikuja. Lakini kabla ya aibu ilikuja raha, na raha hiyo ndiyo iliyomtisha.

Nje gari likapiga honi. Milango ikafunguliwa, watu wakacheka, magurudumu ya masanduku yakakwaruza kokoto. Walikuwa wamewahi.

"Hodi wenyewe!"

Dada mtu alishtuka. Akasukuma vioo kwa mguu chini ya kochi, akainua taa, akajifuta jasho kwa upindo wa gauni. Bakora akaisimamisha nyuma ya mlango. Akashika komeo, na tabasamu likamjia usoni lenyewe, bila kuitwa.

"Hapohapo," sauti ikasema kutoka konani. "Na baba alikuwa anaiweka hapohapo."

Hakuthubutu kugeuka.

"Hodi jamani! Kuna watu?"

Mdogo wake alikuwa bado amechuchumaa, damu ikimtona kwenye kola. Alishusha mkono mmoja tu.

"Fungua, dada," akasema kwa upole. "Wakiingia, mimi napona."