Rendang ya Alasiri

Yusmarni alimtambua kwa kalamu. Aliiona kupitia tundu la pazia la jikoni, imechomekwa kwenye mfuko wa shati, kisha ikatolewa taratibu na kulazwa mezani kando ya kijitabu. Bapak Hendrizal, mzee anayeandika habari za vyakula kwenye gazeti la Jumamosi, alikuwa amerudi mjini Payakumbuh, na alikuwa ameketi meza ileile ya dirishani.

Miaka miwili nyuma mtu huyu aliandika kwamba rendang ya mgahawa huu, nyama iliyokaushwa ndani ya tui la nazi, ni ya mpishi aliyechoka. Mstari mmoja tu. Tangu siku hiyo mama yake Yusmarni, Asnimar, aliyeshika mwiko wa jiko hili kwa miaka ishirini, hajaugusa tena. Huja kila asubuhi, huketi kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, akamenya vitunguu na kukuna nazi, na akisalimiwa huitikia bila kuinua uso. Watu walimtania kwamba gazeti lile lilishafungiwa samaki siku nyingi. Hakucheka.

Mwiko ukaangukia kwa Yusmarni. Etek Baiti, mdogo wa mama yake na mwenye mgahawa, alikwisha kumwambia waziwazi: wakiandikwa vibaya mara ya pili, ataleta mpishi kutoka Padang. Undugu ni wa nyumbani, alisema, hapa ni kazini.

Na siku yenyewe ikawa hii, ambayo kuni zilikuwa zimenyeshewa. Moto ulichelewa kushika, na sasa saa sita mchana kilichokuwa karaini kilikuwa bado kile wenyeji wanachokiita kalio: nyama imeiva, tui limegeuka rojo zito la rangi ya udongo, mafuta ndiyo kwanza yanajitenga. Ili rojo likauke, liwe jeusi na kuganda kwenye nyama, zilibaki saa tatu za kukoroga. Huko mijini watu hula kalio wakaiita rendang. Hapa ukifanya hivyo unaulizwa kwenu ni wapi.

Syafril, mhudumu, alikuwa ameshapita na sahani kumi na sita juu ya mkono mmoja, akazipanga mbele ya mgeni kama kawaida, aguse anachotaka na alipie alichogusa. Katikati ya meza pakabaki nafasi moja tupu.

Etek Baiti aliingia jikoni na kitambaa, akashika sikio la karai.

"Teremsha," alisema kwa sauti ya chini. "Tunachuja rojo, tunampa nyama. Hatajua."

"Etek, bado."

"Bado yako itatufungia mlango. Mara ile si tulichota hivihivi, na..."

Akaliachia sikio la karai, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kule kwenye kigoda kisu kilisimama. Yusmarni alimgeukia mama yake, naye mama akatazama kitunguu. Kumbe alijua. Miaka yote miwili alijua kwamba karai lake lilichotwa mapema yeye akiwa kwenye swala ya adhuhuri, na akaibeba aibu kimya, kwa kuwa aliyechota ni mdogo wake.

Yusmarni hakuwa mtu wa kusema. Wapo wateja wa miaka mingi ambao hawakuijua sauti yake. Aliulaza mwiko kwenye ukingo wa karai, akafungua pazia na kutoka, akijua kwamba rojo la namna ile likiachwa kidogo tu hushika chini na kuungua.

Bapak Hendrizal hakuinua macho. "Rendang iko wapi?"

"Bado ni kalio, Bapak. Itakuwa rendang ikifika alasiri."

"Gari langu linaondoka saa nane."

"Basi leo hutaionja."

Watu wa meza ya pili waliacha kutafuna. Bapak aliweka kalamu chini. "Binti, unanijua mimi?"

"Nakujua. Ulikula kalio hapa, ukaandika rendang." Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Na wewe ni wa hukuhuku."

Uso wa mzee ulibadilika rangi. Aliuliza polepole ni nani aliyempa kalio akaiita rendang. Yusmarni alihisi pazia likitikisika nyuma yake, akajua Etek amesimama pale.

"Sisi," alisema. "Jiko letu."

Bapak akamwita Syafril na kumwambia aondoe sahani zote kumi na sita. Hakuwa amegusa hata moja. Katika mgahawa kama ule hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na watu wote waliliona. Aliomba chai bila sukari, akatazama saa yake, akabaki ameketi.

Yusmarni alirudi mbio, pua yake ikitafuta harufu ya kuungua. Haikuwepo. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya karai, mwiko mkononi, akikwangua chini kwa mkono wa mtu asiyehitaji kutazama.

"Punguza kuni mbili," mama alisema.

Walipokezana mwiko. Saa nane ilipita. Kila mara Yusmarni alipochungulia, mzee alikuwa palepale, kijitabu kimefungwa. Mara moja Etek alisogea na kuni ya kuchochea ili iive haraka. Mama alimnyooshea tu mkono, na Etek akamkabidhi ile kuni.

Baada ya alasiri Syafril alipeleka sahani moja. Yusmarni aliganda kwenye tundu la pazia. Mzee alikula kipande cha kwanza, uso umefunga. Akala cha pili. Akaweka mikono pembeni ya sahani.

"Kaandika?" aliuliza mama nyuma yake.

"Hajaandika." Alichungulia tena. "Anakomba zile chenga nyeusi. Kwa vidole."

Chenga zile za rojo lililokauka wageni huziacha; ni wenyeji wanaozikomba. Mama alisimama kidogo na mwiko, kama anayesubiri kuambiwa mara ya pili. Halafu akageuka, akaanza kukwangua karai.

"Kesho," alisema, "kuni nitazipanga mimi."